Bucha la kijijini: nani atamla ng'ombe kabla hajaoza?

SWALI: "Habari mtaalamu. Mimi ni msimamizi wa mchezo wa kuigiza wahusika, ule wa kusimulia hadithi pamoja mezani kwa dadu, tuko watano na tunakutana kila Jumamosi. Nimebuni kijiji cha watu 250 hivi, mfano wa Ulaya ya enzi za kati, bondeni kando ya mto, na ndani yake kuna bucha la familia moja: mama mjane, wanawe wawili wa kiume na mke wa yule mkubwa. Wanafungua kila siku na nyama ya ng'ombe haikosekani. Mchezaji mmoja mbishi anasema kijiji kidogo vile hakiwezi kubeba bucha, na kwamba nyama ya enzi zile ilikuwa imeoza, ladha ikafichwa kwa viungo. Mwingine anataka niweke mchawi wa kugandisha nyama, yaishe. Wengine kila wakiingia bucha hudhani lazima panauzwa nyama ya watu. Na yupo mmoja ambaye hunyamaza kimya nikisimulia uchinjaji. Nataka familia hii iwe hai, isiwe pambo la barabarani. Nianzie wapi?"

JIBU: Ndugu msimamizi, nimesimama miaka mingi mbele ya gogo la kukatia nyama kabla ya kuanza kuwafundisha wengine, na mezani pa dadu pia nimekaa vya kutosha, kwa hiyo swali lako limenikuta nyumbani. Ukilitazama vizuri, yote uliyouliza yanatokana na jambo moja. Nyama ni mali inayoanza kuharibika dakika mnyama anapokufa. Muuza nguo akikosa wateja leo atauza kesho. Mwenye bucha hana kesho hiyo. Kila tabia ya familia yako, kuanzia ugomvi wao hadi saa wanayoamka, itatokana na mbio hizo. Ukizielewa, huhitaji kuwabunia historia ndefu.

Nimalizane kwanza na hadithi ya viungo, maana ni ya kale na haitaki kufa. Pilipili manga na mdalasini vilisafiri miezi mingi kufika Ulaya ya enzi za kati, na vilikuwa ghali kuliko nyama yenyewe. Mwenye uwezo wa kununua pilipili alikuwa na uwezo wa kununua nyama ya asubuhi hiyo. Isitoshe, kuificha ladha ya nyama iliyooza hakukuzuii kuugua. Mbishi wako hapo kakosea.

Ila kuhusu ukubwa wa kijiji, amekupata. Tupige hesabu. Ng'ombe wa zamani walikuwa wadogo, na wengi walifika kwa mchinjaji baada ya miaka ya kukamuliwa au kuvuta jembe. Tumpe wako kilo 300 akiwa hai. Toa ngozi, kichwa, kwato, damu na matumbo, kinachobaki kwenye kulabu ni kama nusu, kilo 150. Toa na mifupa, umebaki na kilo 100 za nyama au pungufu kidogo. Watu 250 ni kaya 50. Kwa hiyo kila kaya, maskini kwa tajiri, lazima inunue kilo mbili za ng'ombe huyo mmoja, tena inunue upesi. Wakati wa joto nyama mbichi ina siku moja, mbili ukibahatika. Baridi ikiingia unaweza kupata wiki.

Sasa geukia zizini. Tuseme kila kaya ina ng'ombe wawili au watatu, jumla 120. Maziwa yanahitajika, jembe lazima livutwe, na ng'ombe jike akijaliwa huzaa ndama mmoja kwa mwaka. Ukichinja 18 kwa mwaka bila kulimaliza kundi, umefanya vizuri sana. Hao ni ng'ombe mmoja kila siku ishirini. Wewe umeandika "kila siku".

Ndiyo maana katika Ulaya halisi bucha la kufunguliwa kila siku lilikuwa jambo la mjini. Ukifika York, Uingereza, mtaa wa Shambles bado una kulabu za nyama na vibao vipana vya madirishani palipopangwa vipande, na mtaa mzima ulikuwa wa watu wa kazi hiyo. Kijijini, mchinjaji mara nyingi alikuwa mkulima mwenye visu vizuri na mkono mtulivu, anayeitwa nyumba hadi nyumba.

Una njia tatu, na kila moja ina gharama yake. Ya kwanza ni kuwapa familia shamba na kulifanya bucha lifunguliwe siku ya soko peke yake. Wachezaji watakaofika Jumanne watakuta mlango umefungwa, kaka mdogo yuko shambani, na mama atawauliza wanataka nini siku isiyo ya nyama. Gharama ni kwamba utapoteza ile picha ya kaunta iliyojaa. Ya pili ni kuongeza midomo: daraja ambalo kila msafiri lazima alipite, au ngome yenye askari arobaini. Hapo bucha litasimama kila siku, lakini kijiji chako hakitakuwa tena kile cha kupumzikia. Mwenye zabuni ya kulisha ngome atakuwa na adui, na nahodha atakayelipa kwa ahadi atakuwa na mdai wa kumtisha. Ya tatu ni uchawi, nitaifikia. Mimi ningechagua ya kwanza, kisha ningeiacha ya pili iwe tishio: habari kwamba ngome inakuja kujengwa, na wana wawili wasioafikiana kama hiyo ni neema au balaa.

Kumbuka pia kwamba ukubwa wa mnyama lazima ulingane na idadi ya midomo. Kondoo wa kilo 30 anatoa kilo 14 au 15 pamoja na mifupa, na anaisha kabla ya jua la utosini. Kwa hiyo wakati wa joto familia yako itachinja kondoo na kuku, na ng'ombe atasubiri baridi, harusi au msiba. Mchezaji akiona ng'ombe anachinjwa katikati ya kiangazi, ajue kuna jambo.

Sasa nikupeleke ndani ya nyama yenyewe, maana hapa ndipo pana visa ambavyo huwezi kuvipata kwa kurusha dadu.

Mnyama akifa, misuli yake haijui. Huendelea kutumia sukari iliyohifadhiwa ndani yake, iitwayo glaikojeni, na kwa kuwa damu haileti tena hewa, sukari hiyo hugeuka asidi ya laktiki. Kipimo cha pH (kadiri kinavyoshuka ndivyo uchachu unavyozidi) kilichokuwa karibu 7 hushuka taratibu hadi kama 5.5. Uchachu huo mdogo ndio mlinzi wa kwanza wa nyama, kwa sababu bakteria wengi hawaupendi. Wakati huohuo misuli hukakamaa, kisha baada ya siku moja au mbili vimeng'enya vya nyama yenyewe huanza kuilegeza. Nyama ya ng'ombe iliyoning'inizwa siku chache mahali pa baridi ni laini kuliko ya leo asubuhi. Mama mjane anajua hilo bila kulijua jina lake.

Lakini glaikojeni ikiwa imekwisha kabla ya kisu? Mnyama aliyekimbizwa usiku kucha, aliyepigana, au aliyekaa na hofu siku nzima huwa ameitumia yote. Asidi haitengenezwi. Nyama hutoka nyeusi, kavu kwa nje na yenye kunata ukiishika, na huoza mapema kwa sababu mlinzi hakuja kazini. Wachinjaji duniani kote wanaijua. Ndiyo maana mchinjaji mzuri humpumzisha mnyama usiku mmoja penye maji na utulivu, na ndiyo maana watu wapiga kelele hufukuzwa machinjioni.

Hebu ona unachoweza kufanya na hilo. Wachezaji wako wanaleta nguruwe pori waliyemkimbiza kwa muda wa saa tatu msituni, na mshale mmoja umetoboa tumbo. Wanataka bei nzuri. Kaka mkubwa anafungua, ananusa, anaona weusi na uchafu wa matumbo uliosambaa kwenye minofu, anawapa robo ya walichotaka. Watabisha. Waache wabishe; yuko sahihi. Au hiki, ambacho nakipenda zaidi: kwa miezi mitatu sasa kila ng'ombe anayetoka malisho ya juu ana nyama nyeusi, ingawa hana jeraha na wenye mifugo wanaapa kwamba analala zizini kwa amani. Mke wa kaka mkubwa ndiye wa kwanza kusema kwa sauti kwamba kuna kitu kinawatisha usiku. Hakuna aliyekiona. Nyama imekiona. Tayari una kazi ya kuwapa wachezaji, na imetoka kwenye gogo la kukatia, haikubandikwa kwenye ubao wa matangazo.

Ukimgawia kila mwanafamilia kazi, mgawie kwa saa. Faida ya bucha haipatikani kaunta, hupatikana malishoni siku ya kununua. Kaka mdogo awe ndiye mnunuzi: anatembea mashamba, anamkandamiza mnyama mgongoni, mbavuni na shinani mwa mkia kupima mafuta, na anakadiria kilo kwa macho. Akikosea kilo 30 familia imefanya kazi bure. Kaka mkubwa ni wa kisu. Mkewe ana kazi ngumu kuliko zote, isiyosimuliwa na mtu: matumbo lazima yaoshwe yangali na joto, ndani ya saa ileile, la sivyo hayafai kwa soseji. Shahamu ya ng'ombe na kondoo inayeyushwa kwa mishumaa. Mafuta ya nguruwe ni laini mno kwa kazi hiyo, yanabaki kwa kupikia. Ngozi itiwe chumvi au ipelekwe kwa mtengeneza ngozi kabla nywele hazijaanza kung'oka. Pembe zina mnunuzi wake, anayezichonga vijiko na kuzipasua vipande vyembamba vya kupitisha mwanga wa taa. Utumbo wa kondoo huwa nyuzi za ala za muziki. Ukijumlisha hivi vyote, mara nyingi ndivyo vinavyoamua kama mwezi umeisha vizuri au vibaya.

Machinjio yaweke mwisho wa kijiji, upande ambako mto unaelekea. Mwaka 1361 Mfalme Edward III aliamuru wachinjaji wa London wakachinjie Stratford au Knightsbridge, wakati huo nje ya mji, kwa sababu damu na matumbo vilikuwa vinatupwa mitaani na mtoni, na watu waliamini harufu hiyo inaleta tauni. Nani anaishi chini zaidi ya machinjio kijijini kwako? Yule ndiye adui wa kudumu wa familia, na huna haja ya kumpa sababu nyingine.

Chumvi nitaigusa kwa kifupi, ingawa ningeweza kukesha nayo. Chumvi huvuta maji kutoka kwenye nyama na kuwanyima bakteria maji ya kuishi. Shida ni kwamba inaingia polepole, na paja nene linaweza kuoza mfupani kabla chumvi haijafika. Ndiyo maana kazi ya kutia chumvi ilifanywa baridi ikianza, hasa kwa nguruwe walionenepa kwa matunda ya mwaloni. Katika Ulaya ya Wakatoliki sikukuu ya Mtakatifu Martino, tarehe 11 Novemba, ilikuwa ndiyo alama yake. Bede, mtawa wa Uingereza wa karne ya 8, anaeleza kwamba Waingereza wa kale waliuita Novemba mwezi wa kafara, kwa kuwa mifugo iliyokaribia kuchinjwa iliwekwa wakfu kwa miungu. Kisha mwishoni mwa baridi ilikuja Kwaresima, siku 40 bila nyama, wakati ambapo mifugo ilikuwa imekonda hata hivyo. Miungu ya kijiji chako nayo ina mfungo. Familia ya bucha inakula nini wakati huo, na nani anagonga mlango wa nyuma usiku?

Haya, mchawi wa barafu. Simkatai, lakini usimwingize ili kufuta tatizo, maana ukilifuta umewafuta na wenye bucha. Ulimwengu wetu ulipata mchawi wake: mwaka 1882 meli iitwayo Dunedin ilitoka New Zealand na kufika London ikiwa na karibu kondoo 5,000 waliogandishwa, na biashara ya nyama haikurudi ilivyokuwa. Anayemiliki baridi anaweza kungoja bei ipande, anaweza kununua mifugo yote wakati wa ukame, anaweza kukataa kukopesha. Huyo ndiye bwana wa kijiji, hata kama nyumba ya chifu ni kubwa kuliko yake.

Tena kuna mtego. Nyama ikipozwa haraka chini ya nyuzi 10 hivi kabla haijakakamaa, misuli hujikunja kwa nguvu, na ikipikwa inakuwa ngumu kama soli ya kiatu. Wataalamu wa New Zealand walilichunguza tatizo hili miaka ya 1960, kondoo wao wa kusafirisha walipokuwa wakigandishwa mapema mno. Kwa hiyo mchawi kijana anayerusha barafu juu ya ng'ombe aliyechinjwa sasa hivi, nyama bado inafuka mvuke, ameiharibu mbele ya kijiji kizima. Mama mjane angemwambia asubiri hadi kesho. Je, mchawi ataweza kumsikiliza mwuza nyama? Mwache mchezaji wako aliyetoa wazo hilo aigize mwenyewe.

Kuhusu nyama ya watu, wachezaji wako wamechoshwa na mabucha yasiyo na kitu kingine ndani. Wewe waoneshe kwa nini ni vigumu. Katika kijiji cha kaya 50 kila ng'ombe anajulikana kwa rangi, kwa pembe, pengine kwa jina. Sheria za Mfalme Æthelred wa Uingereza, mwishoni mwa karne ya 10, zilimtaka anayechinja ng'ombe awe na mashahidi wawili waaminifu, na aitunze ngozi na kichwa siku tatu ili mwenye mnyama aliyeibwa apate kuja kutazama. Ipe familia yako sheria hiyo. Vichwa vitatu vimetundikwa ukutani nyuma ya bucha, na asubuhi moja kuna cha nne ambacho hakuna mtu kijijini anayekitambua. Wanaotafuta nyama ya watu watapata wizi wa mifugo, na kaka mdogo atakuwa na maswali ya kujibu.

Mama naye umpe vijiti. Kwa kuwa nyama haiwezi kungoja pesa, huuzwa kwa mkopo hadi mavuno. Deni huchongwa kama mikato kwenye kijiti, kinapasuliwa kwa urefu, mkopeshaji anabaki na nusu na mdaiwa nusu. Zikiunganishwa, mikato lazima ilingane. Chini ya kitanda chake kuna sanduku la nusu za kijiji kizima. Siku nyumba ya mjane ikiungua, hesabu ni wangapi watakaokuja na maji na wangapi watasimama kutazama.

Urithi usiuchukulie kwa wepesi. Paris ilikuwa na soko la nyama liitwalo Grande Boucherie, ambalo vibanda vyake vilirithiwa na wana wa familia chache, na nguvu yao ilikua kiasi kwamba mwaka 1413 wachinjaji hao, pamoja na mchuna ngozi aitwaye Simon Caboche, waliutikisa mji wote. Mwaka 1416 ukumbi wao ukabomolewa kwa amri ya mfalme. Kwako ni kisu kimoja na wana wawili. Aliyeoa ana mke anayeshika nusu ya kazi. Asiyeoa ana jicho la kununua, ambalo halirithishwi.

Mawili ya mwisho siwezi kuyamaliza kwa maandishi. Kwanza, kama joto la mchezo litakutia hamu ya kutengeneza soseji au paja la chumvi nyumbani, usifuate maelezo yangu hapa. Nimeyaandika kwa ajili ya hadithi. Bakteria aitwaye Clostridium botulinum hutoa sumu inayopooza misuli hadi ya kupumulia, na jina botulism limetokana na neno la Kilatini la soseji, kwa sababu daktari Justinus Kerner wa Ujerumani aliufuatilia ugonjwa huo kwenye soseji miaka ya 1820. Wanaotumia shura, aina ya chumvi ya kuhifadhia nyama, kuzuia hilo hupima kwa mizani nyeti. Nenda kwa mtu anayeifanya kazi hiyo, usimame pembeni yake siku nzima. Hata kwa mchezo wenyewe, asubuhi moja ndani ya bucha la kweli itakufundisha sauti na harufu ambazo mimi siwezi kukuandikia.

Pili, yule anayenyamaza. Usimuulize mbele ya wenzake, na usikisie sababu. Huenda hapendi damu, huenda kuna jambo la nyumbani kwake, huenda anachoka tu saa hizo. Mtafute ana kwa ana kabla ya Jumamosi, mwambie umeona, na muulize angependa mlango wa machinjio ufungwe wapi. Karibu yote niliyokuandikia, vijiti, vichwa ukutani, nyama nyeusi, bei ya nguruwe pori, yanaweza kuchezwa kaunta bila kisu kuonekana. Akikuambia kwamba ni jambo zito kuliko mchezo, msikilize hadi amalize, na kama anahitaji mtu wa kuzungumza naye aliyesomea kazi hiyo, jitolee kumsindikiza siku ya kwanza.